Kwa wanangu mnaorudi Pemba na kipupwe

Asalaam alaikum wanangu.

Nawaandikia nyie mliozaliwa Pemba mkatawanyika, mlioko Unguja, Dar es Salaam, Maskati na Uingereza, mnaorudi nyumbani ikifika Julai na Agosti. Huko Ulaya wenyewe wanasema ni kiangazi. Huku kwetu kusi linavuma na usiku mtu anatafuta shuka. Nawaandikia pia nyie mliobaki, maana jambo lenyewe, kupendana na mtu mliyecheza naye utotoni, ni la watu wawili.

Aliyenitia kalamu mkononi ni kijana mmoja. Juzi kaja barazani kwangu, kakaa, kala muhogo, kaniuliza habari za kila mtu wa mtaa mpaka wakamwishia, ndipo akamtaja aliyemleta. Msichana waliyecheza naye mdako na nage chini ya mwembe wangu, wakigombana kila siku ya Mungu. Yeye akenda zake kusoma, akaoa huko, ndoa ikamshinda. Mwenzake akaolewa hapa, akaachika na mtoto mmoja. Sasa wamekutana gatini Mkoani, mmoja anashuka na mizigo, mwengine kaja kupokea kifurushi. "Bibi," ananambia, "nilimjua kwa kicheko kabla sijamuona uso."

Nikamuuliza: "Nyie hamkunyonya ziwa moja?"

Akacheka. Nikamwambia asicheke. Anayeoa mtu wa mbali hana haja ya swali hili, lakini nyie mnaopendana na mliokua nao ukuta kwa ukuta, liwe la kwanza. Zamani mama akienda kuchuma karafuu humwachia jirani mtoto, mtoto akilia jirani humpa ziwa, na hapana aliyeandika popote. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, mtoto akinyonya mara 5 zilizo mbali mbali kabla hajatimiza miaka 2, basi yule ni mama yake na watoto wa yule ni ndugu zake. Ndoa hapo haipo, hata kama mmeshafungishwa na mna watoto. Mie nimeshuhudia ng'ombe wa harusi kafungwa uani, kikongwe akatoka chumba cha nyuma akasema, "Mbona hawa nimewanyonyesha wote wawili, tena mwezi mzima?" Ng'ombe akafunguliwa. Basi waulizeni vikongwe wangali hai. Wanapungua.

La pili nilimwambia hivi: unayemjua wewe ni mtoto wa miaka 11. Huyu wa leo kazaa, kaachwa, kauguza, kazika. Akanijibu kwamba moyo wake unamtambua. Moyo! Nilimtia chai nyengine, nikamsimulia yangu, na nyie nawasimulia.

Marehemu mume wangu tulikua pamoja. Usiku wa msimu tulikaa kwenye chungu moja la karafuu, kwa taa ya chemni, tukichambua karafuu na makonyo, watoto wa mtaa mzima, na vidole vikinuka mpaka asubuhi. Akaenda Tanga kutafuta maisha. Mie nikaolewa, nikaachwa nina miaka 29. Kipupwe kimoja akarudi, viatu vinang'aa. Msimu umekubali, majamvi ya karafuu yametanda mpaka njiani, pesa zimo mikononi mwa watu, na pesa zikiwamo mikononi kila mtu anakuwa mzuri. Tukakaa tena kwenye lile chungu. Tukaahidiana. Akapanda chombo, zikaja barua mbili, kisha kimya.

Akarudi baada ya miaka 4, mwezi wa Aprili. Masika yamepamba moto, njia tope, mama yangu mgonjwa kitandani, paa linavuja, na mkarafuu hauna hata tumba. Hakusema neno la mapenzi. Alinunua makuti, akapanda juu, akaezeka siku tano. Siku ya sita akamtuma ami yake aje aseme na kaka yangu. Nilipomuuliza kwa nini alinyamaza, kumbe kazi ilimtoka, akaona haya kuandika. Na mie ile mara ya kwanza sikumuuliza hata anakula nini huko Tanga. Nilimuuliza kama ananikumbuka.

Basi nyie ulizaneni yasiyo matamu. Una mke huko? Sema siku ya mwanzo, si siku ya kufunga begi. Unadaiwa? Huyu mtoto wangu atakaa wapi, na nani atamlipia madrasa na skuli? Mie nitakufuata au wewe utarudi?

Wanaume, kisiwa hiki ni kidogo. Ukimchukua mtoto wa watu kwenda kupunga upepo Vumawimbi, hujafika Konde habari imeshafika Chake. Wewe utapanda meli, maneno hayapandi meli, yatabaki naye. Na wengine nasikia mnaanza salamu za usiku mtu yumo edani. Aliyeachwa talaka rejea bado yumo mkononi mwa mumewe mpaka eda iishe. Kizuka, yaani aliyefiwa na mume, ana miezi 4 na siku 10, na humo haposwi waziwazi. Maneno ya simu nayo ni maneno.

Nanyi wanawake, msidanganywe kwamba mwanamke aliyekwisha kuolewa mahari yake ni msahafu tu, labda mwenyewe upende. Mahari ni haki yako, ya pili kama ya kwanza. Washenga waje, hata kama huyo bwana mlikuwa mkioga naye mvua uchi.

Sasa wewe kijana wangu, najua unasoma. Nimekwenda kwa bibi yako mzaa mama. Anakumbuka vizuri: mama wa yule msichana alikunyonyesha mara mbili, siku moja mama yako alipokwenda kuzika. Mara mbili tu, na yule msichana kwenu hakunyonya kabisa, mama yako hakuwa na maziwa. Nenda naye kwa sheikh akamsikie mwenyewe, lakini mie nimelala usingizi.

Msichana pia nimesema naye. Ananambia tiketi yako ya kurudi ni ya mwisho wa Agosti, na yeye hatokupa jibu mpaka akuone hapa Aprili. Sikumsukuma. Nilimwangalia tu jikoni kwake, pale karibu na mlango, ambapo ameweka ndoo chini ya bati lililotoboka.