Jeti mpya inavunja mguu wa mbele kila ikitua? Tatizo limeanzia juu

Spea inayotoka sana katika karakana yetu hapa Arusha si mota wala betri. Ni mguu wa mbele, ule unaobeba tairi la puani. Mteja ananunua jeti ndogo ya mfano inayorushwa kwa rimoti, ile inayosukumwa na feni ya umeme, anairusha vizuri, anapiga mizunguko miwili mitatu roho kwatu, halafu ikija chini inagonga pua, inadunda, inagonga tena. Jumatatu yuko mlangoni kwetu ameikumbatia kwenye khanga. Mguu tunauza na tunaufunga, lakini tukiishia hapo tunakula hela yako bure, maana wiki mbili baadaye utarudi na ugonjwa uleule.

Alikuja kijana mmoja kutoka Moshi na jeti yenye feni ya milimita 70. Alikuwa anataka kununua mguu wa mbele kwa mara ya tatu. Kabla sijashika bisibisi nikamwomba rimoti. Trimu (kirekebisho cha kuishikilia ndege inyooke bila kushika kijiti) ya eleveta (kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) ilikuwa imepandishwa karibu mpaka mwisho, na kule mkiani eleveta imenyanyuka milimita nne hata vijiti vikiwa katikati. Nikamwambia, hebu weka betri kama unavyoiweka siku zote. Akaisukuma mbele mpaka ikagusa ukuta wa ndani wa pua, akafunga mkanda. Nikaibeba ndege kwa vidole viwili chini ya mbawa, pale kitabu chake kinapoelekeza, na pua ikainama polepole mpaka ikalala mezani. Tuliirudisha betri nyuma sentimita tatu ndipo ndege ikatulia sawa.

Miguu yote mitatu ilivunjwa na sentimita hizo tatu. Pua ikiwa nzito, ndege inataka kushuka wakati wote, na mrushaji anaizuia kwa trimu. Kule juu, kwenye kasi, haoni shida kwa sababu hewa nyingi inapita mkiani na eleveta ina nguvu. Akija kutua kasi inapungua, hewa ya mkiani inapungua nayo, na sehemu kubwa ya mwendo wa eleveta imeshaliwa na trimu. Anavuta kijiti, pua haiitiki. Tairi la mbele linatangulia kugusa ardhi, na mguu ule haukutengenezwa kubeba ndege nzima.

Kwa hiyo uzito kwanza, trimu baadaye. Pima ukiwa umeweka betri ileile utakayorushia na matairi yakiwa nje, kisha bandika kipande cha selotepu ya rangi ndani ya ndege mahali betri inapoishia. Betri ikisogea kidogo tu, una ndege nyingine mkononi.

Siku ya kwanza panda mita 60 hivi juu, matairi ndani, nguvu ikizidi nusu kidogo. Nyoosha ndege, legeza vijiti, iangalie inataka kwenda wapi. Ikilalia upande, gusa trimu ya eleroni, vile vibao vya mbawa vinavyoilaza ndege kushoto au kulia. Ikipanda au kushuka, gusa ya eleveta, mara mbili au tatu tu, kisha ipitishe tena uone. Macho yasitoke kwenye ndege. Mtu asimame pembeni yako akusomee rimoti na saa. Usitrimu ndege ikiwa kwenye nguvu zote, kwa sababu trimu ya kasi kubwa itakuangushia pua ukishapunguza mwendo.

Wengi wanaishia hapo, nami nakuomba sana usiishie hapo. Ukiwa bado kule juu, shusha matairi na flapu (vibao vya nyuma ya mbawa vinavyosaidia kuruka polepole), punguza nguvu, na itrimu mara ya pili kama vile unakuja kutua. Flapu zikishuka kuna ndege zinazoinua pua na kuna zinazoiinamisha, na ni heri ulijue hilo mita 60 juu kuliko mita 3. Kisha ipunguze zaidi, taratibu, mpaka bawa liache kubeba. Je, inainamisha pua kwa upole, au inaangusha bawa moja ghafla? Kijiti cha nguvu kilikuwa wapi? Ongeza nguvu, itulize, rudia. Ukimaliza unaujua mwendo ambao usiushukie kamwe ukiwa karibu na ardhi.

Ukitua, angalia trimu zimesogea kiasi gani. Kama zimesogea sana, zungusha kile kishikizo cha plastiki kwenye fimbo inayotoka kwenye sevo (mota ndogo inayosukuma vibao hivyo) mpaka eleveta au eleroni ikae palepale trimu ilipoipeleka, kisha rudisha trimu katikati. Tofauti uliyoiona ya flapu iingize kwenye rimoti, ili flapu zikishuka eleveta ijirekebishe yenyewe. Rimoti nyingi za siku hizi zinaweza kutunza trimu ya kutua peke yake kwenye swichi. Kama yako ni ya namna hiyo, itumie.

Sasa suala la hewa yetu, ambalo vitabu vya jeti hizi havilisemi. Arusha mjini tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa joto lilelile, hewa ya hapa ina asilimia 85 hivi ya uzito wa hewa ya pwani. Bawa lazima likimbie zaidi ili lipate hewa ya kulibeba: jeti ambayo Dar es Salaam ingegusa ardhi kwa kilomita 50 kwa saa, hapa itagusa kwa 54 hivi. Moshi, ambako ni mita 800 hadi 900, ni 52 au 53. Unaweza kuona ni kidogo, lakini nishati ya ile ndege inapogusa ardhi inakua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo Arusha ina karibu asilimia 18 zaidi ya kumaliza kwa matairi na nyasi. Feni nayo inasukuma hewa nyepesi, haina nguvu ileile. Na jua likiwaka hewa inazidi kuwa nyepesi, ndiyo maana sisi tunarusha saa moja hadi saa tatu asubuhi.

Hatari yake iko machoni. Jumamosi ile tulikwenda na kijana wetu wa Moshi kwenye malisho yenye nyasi fupi, upepo hafifu usoni mwetu. Mzunguko wa kwanza akaja chini, nikamsikia, "Fundi, inakuja kasi mno!" na mkono wake umeshavuta kijiti. Pua ikapanda, ndege ikaanza kutikisika mabawa. "Usivute, mdogo wangu. Ongeza feni, zungusha tena." Ilikuwa inakuja kwa mwendo wake sahihi. Jicho lake lilizoea mwendo wa ndege yake ya propela, akataka jeti ifanane nayo.

Propela iliyo mbele inapuliza mbawa na mkia. Ukiongeza nguvu kidogo tu, eleveta inapata uhai hapohapo. Feni ya jeti imefichwa tumboni na hewa yake inatokea nyuma, mkia hauambulii kitu. Tena feni ikiwa imezimwa inachukua muda mpaka ishike kasi, na muda huo ukiwa mita 2 juu huna. Ndiyo sababu tunasema njoo na feni ikizunguka, karibu theluthi ya nguvu au zaidi kidogo kulingana na ndege, mpaka umevuka mwanzo wa njia ya kutua. Eleveta ilinde mwendo. Kijiti cha nguvu kilinde kimo. Ukiona unashuka mapema, ongeza feni, usivute. Ikifika usawa wa goti anza kupunguza nguvu polepole, ishikilie ndege isawazike, iache izame yenyewe, kisha inua pua kidogo tu. Ikidunda usiisukume chini. Ongeza nguvu, uondoke.

Kuondoka kunataka betri. Jeti ya seli sita, betri ya 4,000 mAh, ikivuta ampea 80, inamaliza kila kitu kwa dakika tatu. Kwa kuchanganya nguvu utapata nne, lakini siku za mwanzo weka kengele kwenye dakika mbili na nusu, ubaki na akiba ya kujaribu kutua mara mbili au tatu.

Tafuta eneo la nyasi zilizokatwa. Vumbi letu na kokoto huingia kwenye feni na kula panga zake. Uwanja wa mpira una mita 100 hivi, lakini goli linakulazimisha uje juu na robo ya uwanja inapotea. Kaa mbali na viwanja vya ndege vya Kisongo na KIA (Kilimanjaro), usirushe kwenye hifadhi, na suala la kibali liulize TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla hujatoka nyumbani.

Mzunguko wa tatu kijana aliiacha ije. Feni ilivuma mpaka usawa wa goti, sauti ikashuka, matairi ya nyuma yakachora mistari miwili kwenye umande, na pua ikabaki hewani mita kama nne kabla ya kuketi.

Ukituletea jeti, iwe umeinunua kwetu au kwingine, lete na rimoti yake na betri unayorushia. Kupima uzito na kuangalia trimu hatutozi. Jumamosi asubuhi tunatoka na mteja mmoja au wawili kwa mruko wa kwanza, kwa hiyo toa taarifa mapema, na betri uje nazo zimejaa.