Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Moshi: fomu ya kibali iulize habari ya chokaa

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: UKARABATI WA NYUMBA ZA ZAMANI ZA MAWE

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Naandika hadharani si kwa ugomvi na ofisi yako. Jambo lenyewe ni la wengi, na kosa nitakalolieleza nililifanya mwenyewe, kwa hela yangu.

Nyumba yetu ni ya mawe meusi, ya enzi zile reli ya kutoka Tanga ilipofika hapa, 1911 na miaka iliyofuata. Kuta zina unene wa karibu nusu mita, mawe yameshikwa kwa chokaa. Baba alipofariki nikataka kuipendezesha. Nikaita fundi, akabandua lipu yote ya chokaa, akapiga lipu ya saruji ndani na nje, kisha rangi ya mafuta. Ikang'aa! Majirani wakanipongeza, nami nikavimba kichwa.

Masika ya pili rangi ikaota malengelenge. Unga mweupe wa chumvi ukatokeza hadi usawa wa goti, na chumba cha mama kikanuka uvundo. Mama akasema: "Nyumba inatoka jasho, ninyi mmeivalisha nailoni."

Hakukosea. Nyumba hizi hazikuwekewa kizuizi cha unyevu juu ya msingi. Maji hupanda kutoka ardhini kupitia viungo vya mawe, na chokaa, kwa vitundu vyake, huyaachia yakaukie nje. Saruji huyafungia ndani. Yakikosa njia hupanda zaidi, mpaka yakute ncha za boriti zilizoingia ukutani, nazo zioze. Tena ukuta wa mawe hucheza kidogo jua na baridi vikipishana. Chokaa huvumilia, saruji hupasuka, na mvua hupata mlango.

Aliyenitoa hapo ni fundi mzee kutoka Pangani (pwani hawajaisahau chokaa). Aliizima chokaa kwa maji na kuilaza shimoni wiki kadhaa, akachanganya fungu moja kwa matatu ya mchanga, akapaka tabaka nyembamba na kuzifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, maana chokaa hii hukomaa polepole kwa hewa na ikikaushwa haraka hugeuka vumbi. Kazi niliyoipangia wiki mbili ilichukua miezi mitatu.

Sitaki kuishi makumbusho. Tumeweka choo cha ndani na umeme mpya. Kuhusu madirisha, mke wangu alitaka ya aluminiamu na tulibishana mwezi mzima. Luva za mbao zimebaki, na vumbi la Januari analilalamikia kwa haki.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayatambua moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Nyumba za mawe za mji wetu zote zimejengwa baada ya hapo, kwa hiyo nyingi ulinzi wake ni busara ya mwenyewe na fundi wake. Zanzibar wana mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe tangu 1985. Mimi siombi mamlaka. Naomba swali moja kwenye fomu ya kibali cha ukarabati: ukuta umejengwa kwa chokaa au kwa saruji? Mwombaji akijibu chokaa, mhandisi wako akaukague kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa. Asiyejua jibu akaguliwe vilevile, mimi nisingejua.

Ukuta wa nyuma bado una saruji, hela iliniishia. Karibu na mhandisi wako masika yakikolea: uweke kiganja ukuta wa mbele, kisha ule wa nyuma. Chai itakuwepo, mama ameshaahidi.

Wako,
Mkazi wa Moshi