Kaka, kabla hujalipia ile nyumba ya Levolosi

Shikamoo kaka.

Naandika hapa hadharani kwa sababu simu yangu hupokei, na kila ujumbe ninaokutumia unabaki na tiki moja. Shangazi ameniambia umestaafu, umeichoka Dar, na umepata nyumba Levolosi: vyumba sita, ukumbi katikati, choo uani. Nikamwambia, mbona hiyo ni kama nyumba yetu ya Ngarenaro? Akacheka. Wewe usingecheka.

Basi nisikilize kama mtu ambaye hajawahi kulala nje ya mji huu zaidi ya wiki. Wewe uliondoka Ngarenaro kabla Arusha haijaitwa jiji, na dalali anakuuzia kumbukumbu zako mwenyewe. Tangu waanze kujenga uwanja wa AFCON 2027, kila dalali hapa ana sentensi moja tu mdomoni: "bei inapanda mzee, wahi."

Usiwahi. Nenda usiku kwanza. Dalali atakupeleka saa nne asubuhi, watoto wako shule, wapangaji wako kwenye mihangaiko yao, uani pamefagiliwa. Wewe nenda Jumamosi saa tatu usiku, usimame ukumbini, unyamaze. Utasikia televisheni tatu kwa wakati mmoja, mtu anakohoa, mtu anagombana kwa sauti ya chini, na kama jirani ana grosari utausikia muziki wake miguuni. Kisha uliza gari la kunyonya choo linasimama wapi. Likikosa njia ya nyuma, mpira utapita ukumbini, kama siku ile tuliyoshinda nje mimi na wewe, mama anamwaga dawa mpaka magharibi na wewe unaapa kwamba ukiwa mkubwa choo chako kitakuwa ndani ya chumba. Nasikia huko kwako Tabata, Dar, unavyo vitatu. Hongera.

Uliza pia kuna mita ngapi za LUKU. Mita moja kwa vyumba sita ni ugomvi wa kila wiki, huyu ana pasi, yule ana friji la kuuzia barafu. Na siku hizi kodi ya jengo inakatwa humohumo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kwa hiyo mpangaji atakayetangulia kununua umeme mwezi ukianza ndiye atakayekulipia kodi yako wewe mwenye nyumba. Mimi wangu huwa namrudishia. Wenye nyumba wengi hapa wanajifanya hawajui.

Halafu karatasi. Shangazi anasema muuzaji ni mtoto wa marehemu na amekuonyesha muhtasari wa kikao cha ukoo. Kaka, muhtasari ni wa kupeleka mahakamani tu. Mtu hawi msimamizi wa mirathi kwa kupendekezwa na wajomba; mpaka mahakama imteue, hana cha kukuuzia. Kama ana mke na hiyo ndiyo nyumba wanayoishi, mke naye asaini, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imelisema hilo. Na hati usiitazame jina peke yake, tazama mwaka. Ardhi ni ya umma, sisi tunapewa muda wa kuikalia. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 inaisha 2028, na wewe utakuwa umeilipia kama ya milele. Nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi, ujue kama benki imeshaishika na kama inadaiwa kodi ya pango. Usiridhike na muhuri wa mtaa. Muhuri wa mtaa unathibitisha kwamba mlikaa kwenye benchi mkasaini, basi.

Nakuandikia haya kwa sababu siku ile hukutaka karatasi yoyote. Ulikuja na chaki.

Ilikuwa siku ya pili baada ya arobaini ya mama. Masufuria ya kukodi yalikuwa bado yamepangwa uani, hatujayarudisha. Ukaazima futi kwa seremala wa ng'ambo, ukachukua chaki kwenye begi la shule la mwanao, ukaanza kuupima ukumbi kutoka mlango wa mbele mpaka wa uani. Futi thelathini na sita. Ukagawa kwa tatu, kwa sauti, kama mwalimu. Ishirini na nne zako, kumi na mbili zangu. Ukapiga goti kwenye ile sakafu nyekundu ambayo mama aliisugua kwa nta kila Alhamisi, ukachora mstari kutoka ukuta huu mpaka ule. Katikati, pale sementi ilipopasuka, chaki ikakatika, ukaokota kipande ukarudia ili mstari usiwe na pengo. Upande wako vyumba vinne, vya mbele na vya kati. Upande wangu viwili vya nyuma, chumba cha mama na kile cha fundi saa, na choo. Ukasimama, ukapangusa mikono kwenye suruali, ukasema, "Kila mtu na chake." Mjomba alikuwa anatazama dari. Dari yenyewe hatuna, ni mabati.

Jeneza la mama lilipita hapohapo.

Sina ugomvi na Kurani, kaka. Fungu la mwanamume ni la wanawake wawili, nililisoma jamvi moja na wewe, na ningekuachia vyumba vyako vinne bila kufungua mdomo. Shehe angetugawia kwa thamani, tumekaa, chai ipo, nyumba haijaguswa. Hati yenyewe ni moja na kiwanja ni kimoja. Lakini wewe ulitaka nione mpaka. Wapangaji wakawa wanauruka usiku wakienda chooni, wanatuonea aibu sisi. Yule mama wa chumba cha tatu ndiye aliyeupiga deki. Mimi sikuweza.

Sasa nasikia unasema nilikudhulumu. Ulilisema kwenye harusi ya mtoto wa mama mdogo, meza nzima ikasikia, na wifi akakuvuta mkono. Nani alitaka kuuza? Tabata ilikuwa haina paa na mvua zilikuwa karibu. Ulitaja milioni 30, nikakulipa milioni 30, sikuomba upunguze. Nilikopa kikoba, nikauza friji, miaka miwili naamka saa tisa usiku kupokea karoti na vitunguu sokoni Kilombero, na baridi ya Julai unaijua. Ulisaini, wifi akasaini, mashahidi wakasaini.

Ndiyo, habari ya fremu niliijua. Haya, nimesema. Yule kijana wa vifaa vya simu alishanifuata kabla hujataja bei, anataka vyumba viwili vya mbele vibomolewe ukuta viangalie barabarani, na kodi ya mwaka alikuwa nayo mfukoni. Sikukuambia. Hukuniuliza! Wewe vyumba vile uliviona Idi kwa Idi. Mimi niliwajua wanaopita mbele yake mmoja mmoja. Na uliyesema kila mtu na chake ni wewe. Nikaona basi hiyo habari ni yangu, maana nililetewa mimi. Labda ningekuambia kama ungekuja na chai badala ya chaki. Labda nisingekuambia. Nilikuwa na deni la kikoba na nilikuwa na hasira, na kwa hasira mtu anahesabu vizuri sana.

Mwanasheria mmoja mteja wangu wa karoti anasema madai ya ardhi yana miaka 12. Umeshatumia sita. Nakutajia ili usije kusema tena kwamba nilijua nikanyamaza.

Na Levolosi naielewa, hata kama pale harusini ulisema huwezi tena kuishi uswahilini. Tabata una geti na ukuta wenye vioo juu, na ukianguka bafuni atakayekukuta ni msichana wa kazi akirudi dukani. Mama alipoanguka, chumba cha tatu walisikia ndoo ikiviringika. Walimfikia kabla maji hayajakauka. Ndiyo maana aliweza kuniambia alichoniambia, nawe siku moja nitakuambia, lakini siyo hapa.

Chumba chake sijakipangisha. Nimeulizwa mara nyingi.

Ukija kuikagua hiyo nyumba, kutoka huko mpaka kwetu ni mwendo wa robo saa kwa mguu. Mlango wa mbele usigonge, kijana wa fremu ameuziba kwa maboksi yake. Zunguka uani, kama ulivyokuwa unafanya ukichelewa kurudi. Komeo ni lilelile, unainua kwanza ndipo unasukuma.