Mtoro alimkosea nani? Barua kwa vijana wa kijiwe cha kahawa, Bagamoyo

Wanangu, asalaam aleikum.

Juzi baada ya Isha niliwakuta mnabishana juu ya jema na baya. Mmoja wenu akasema, na wengi mkamwitikia, kwamba maadili ni mapatano ya watu tu: kila jamii na yake, leo hivi kesho vile. Nilimaliza kahawa yangu nikajiondokea, maana mzee mmoja kwa vijana wanane hushindwa kwa kelele. Jibu langu ni hili.

Haki yenu nawapa kwanza. Hata maneno tunayopimia tabia tumerithi kwa waliokuwa na nguvu. Leo tukimsifu mtu tunasema ana uungwana. Zamani hapa pwani muungwana alikuwa mtu asiye mtumwa, awe na adabu asiwe nayo. Mshenzi alikuwa mtu wa bara, yule awezaye kuletwa na msafara. Na mtoto akikwepa shule mnamwita mtoro, jina lile lile alilopewa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Lugha nzima imelalia upande wa bwana! Hoja hiyo ni nzito kuliko ile ya mavazi mliyoing'ang'ania usiku kucha.

Sasa tumfuate huyo mtoro. Mji wetu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara, ya pembe na ya watu. Kumiliki mtu hakukuwa siri wala aibu. Alirithiwa kama shamba la minazi. Mwaka 1873 Sultani Barghash, kwa kubanwa na Waingereza, alifunga soko la watumwa la Unguja. Wajerumani walipotawala huku hawakuufuta utumwa wenyewe, walitangaza tu kwamba mtoto atakayezaliwa kuanzia 1906 ni huru. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilikuja 1922. Kwa hesabu yenu, aliyetoroka 1870 alikuwa mkosaji, na angeishi hadi 1922 angeamka asubuhi moja ana haki. Karatasi ndiyo iliyompa?

Yeye hakuingoja. Watoro waliingia porini, wengine nyuma ya Pangani huko, wakajenga vijiji vyao. Mtaniambia walitoka makwao na maadili yao. Baadhi ya makwao nako kulikuwa na watumwa. Basi nani aliwafundisha kwamba wanaonewa?

Nisijifanye msafi. Bibi yangu, aliyenilea na kunifundisha kusoma Kurani, alikuwa akizitaja nyumba mbili za jirani kama "watu wetu". Nilidhani ni undugu. Nilikuwa na ndevu nilipoelewa, na sikumuuliza hadi akafa. Siwezi kusema hakuwa mwema. Siwezi kusema hakukosea. Nyinyi mnataka nichague moja kwa kuwa hayo ndiyo maadili aliyoyakuta. Mimi naona aliyakuta, na hata hivyo nyumba zile mbili zilikuwa zikilijua lile asilotaka kulijua.

Kahawa ya kesho na kashata ni juu yangu. Ila atakayetaka kubisha anijibu kwanza kuhusu yule binti wa kazi, mnaijua nyumba yake, aliyeletwa kutoka bara, analala jikoni, na mshahara wake hupewa mjomba. Mtaa wote hauoni neno. Yeye amepatana na nani?