Kwa Nini Kadi Hupasuka Mkunjoni na Picha Hugeuka Njano Ndani ya Albamu

Miaka michache iliyopita mama mmoja alirudi kwenye karakana yetu ya kadi na albamu hapa Dar es Salaam akiwa amekumbatia boksi la kadi mia mbili za harusi ya mwanawe, kadi alizokuwa amezichukua kwetu siku nne kabla. Hakupandisha sauti. Alitoa kadi moja, akaifungua na kuifunga mara mbili mbele yetu, akatuonyesha mstari mweupe uliochimbika kwenye mkunjo, katikati ya ile rangi ya damu ya mzee ambayo kamati ilikuwa imeijadili wiki nzima, kisha akasema, "Mwanangu, hizi kadi zimezeeka kabla ya harusi." Alikuwa na haki. Karatasi ilikuwa nzuri, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, printa haikuwa na hitilafu yoyote, na kadi zote zilikunjwa kwa mkono, moja baada ya nyingine, bila haraka. Kosa letu lilikuwa moja: tuliikunja karatasi kwa kuzikatisha nyuzi zake.

Karatasi ya kiwandani hutokana na uji wa nyuzi za miti unaomwagwa juu ya wavu unaokimbia mfululizo ndani ya mashine. Kwa kuwa wavu unakwenda upande mmoja, nyuzi nyingi nazo hulala kuelekea upande huo, kama magogo yanayochukuliwa na mto. Aliyewahi kuchana ukindu wa mkeka anaelewa tunachokisema, kwa sababu ukindu ukichanwa kwa urefu hufuata mstari wenyewe, na ukilazimishwa kwa upana huacha ncha zilizonyambuka. Mkunjo unapolala sambamba na nyuzi, nyuzi hizo hugawanyika huku na huku na kutulia. Mkunjo unapozikatisha, hazina njia isipokuwa kuvunjika, na zinapovunjika huipasua rangi iliyo juu yake. Kadi iliyochapwa kwa printa ya leza huathirika zaidi, kwani wino wake ni unga ulioyeyushwa na kugandishwa juu ya karatasi kama ngozi nyembamba, tofauti na wino wa maji ambao hupenya ndani kidogo.

Kilichotushangaza wakati ule ni kwamba kadi zetu ndogo za shukrani, zilizotoka kwenye rimu ile ile, hazikuwahi kupasuka. Tulidhani ni kwa sababu ya udogo wake, kumbe ni hesabu. Katika karatasi nyingi za A4 nyuzi hufuata urefu, yaani upande wa milimita 297. Ukiikunja A4 nzima katikati ili upate kadi ya A5, mstari wa mkunjo unalala kufuata upande wa milimita 210, na hapo umezikatisha nyuzi zote. Ukiikata A4 hiyo hiyo vipande viwili na kukikunja kila kipande kiwe kadi ya A6, mstari wa mkunjo, ambao sasa una milimita 148, unalala sambamba na nyuzi bila wewe kujua umefanya nini. Bahati ya kadi ndogo ilikuwa imetuficha ujinga wetu kwa muda mrefu.

Siku hizi kwa kadi kubwa ya kukunja hatununui A4. Tunachukua karatasi ya A3 ambayo nyuzi zake zinafuata upande wa milimita 420, tunaikata katikati, na tunapata A4 ambayo nyuzi zake zinafuata upande mfupi. Hiyo ndiyo inayokubali kukunjwa kuwa A5. Mteja anapotuuliza kwa nini bei ya kadi kubwa imepanda kuliko alivyotarajia, sehemu ya jibu ni hii, maana karatasi za namna hiyo hazipatikani kila duka la Kariakoo, na muuzaji mara nyingi hajui nyuzi zimelala wapi. Tunazipima sisi wenyewe dukani. Unaishika karatasi kwa viganja viwili na kuipinda taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaopinda kwa ulaini ndio unaofuata nyuzi. Ukibaki na shaka, chana kipande cha pembeni, kwa sababu mchano unaofuata nyuzi hunyooka na unaozikatisha huyumba.

Hata karatasi iliyokatwa vizuri haikunjwi hivi hivi ikiwa ni nzito. Kwanza tunaweka rula ya chuma na kupitisha kalamu ya Bic iliyokwisha wino, kwa mkandamizo wa wastani, mara mbili, ili pabaki mfereji mwembamba. Mfereji unawekwa upande wa nje wa kadi, na ule uvimbe unaojitokeza upande wa pili ndio unaobaki ndani baada ya kukunja. Watu wengi hufanya kinyume, kwa sababu mfereji unaonekana kama unaiita karatasi iingie humo, lakini hapo nyuzi za nje huvutwa kupita kiasi. Baada ya hapo mkunjo unabanwa kwa kipande cha mfupa kilichosuguliwa kikawa laini. Mgongo wa kijiko nao unafaa, ilimradi uwekewe karatasi nyembamba juu ili usiache mng'ao.

Karatasi iliyotengenezwa kwa mkono haina tabia hizi. Kule Iringa, kwa mfano, Neema Crafts hutengeneza karatasi kwa mkono, ikiwamo ile maarufu yenye nyuzi kutoka kwenye kinyesi cha tembo, na kwa kuwa karatasi za mkono huchotwa kwa fremu na kutikiswa huku na huku, nyuzi zake hulala kila upande. Hukunjika sawa kokote unakoikunja. Inapendeza sana machoni, ila inakunywa wino na uso wake una mabonde, kwa hiyo hatuipitishi kwenye printa. Tunachapa maandishi kwenye karatasi laini na kuyabandika juu yake.

Kubandika ndiko kunakoleta malalamiko ya pili, hasa kuanzia Machi hadi Mei, masika yanapokuwa yamekolea na hewa ya pwani imejaa maji. Uzi wa karatasi unaponyonya maji hunenepa zaidi ya unavyorefuka, kwa hiyo karatasi hutanuka kwa upana wa nyuzi na karibu haitanuki kabisa kwa urefu wake. Sasa chukua kadi yenye tabaka mbili, ya chini nyuzi zake zimesimama na ya juu nyuzi zake zimelala, uzigundishe kwa gundi nyeupe ya maji, ile ile anayotumia seremala. Tabaka la juu linalowa na kutanuka, linashikana na la chini likiwa limetanuka, kisha linakauka na kusinyaa. Asubuhi unaikuta kadi imejikunja kama kopa la muhogo lililoanikwa juani. Tiba yake ni kupanga nyuzi za tabaka zote zielekee upande mmoja, kutumia tepu ya pande mbili badala ya gundi ya maji kwenye eneo pana, na pale ambapo gundi haiepukiki, kuipaka kwa kadi ya plastiki iwe nyembamba kama utando, kisha kuilaza kazi chini ya vitabu vizito usiku kucha. Kadi tunazozimaliza wakati wa mvua tunazifunga kwenye mifuko siku hiyo hiyo, kabla hazijaanza kunywa hewa.

Shanga na vito vidogo haviwezi kushikwa na tepu, na hapo wengi hukimbilia supa gluu. Sisi tumeiacha, kwa kuwa mvuke wake huganda pembeni na kuacha ukungu mweupe, unaoonekana sana kwenye karatasi nyeusi au ya damu ya mzee. Maua ya vibanzi vya karatasi vilivyoviringwa, yale yanayopendwa kwenye kadi za kipaimara na za siku ya mama, yanahitaji tone dogo tu la gundi nyeupe kwenye ncha ya kijiti cha meno. Kinachoyaharibu mara nyingi ni bahasha. Ua lenye kimo cha milimita tano haliingii kwenye bahasha ya kawaida ya A6 bila kubondeka, kwa hiyo mteja anayetaka maua ya namna hiyo hupewa kiboksi chembamba, na tunamweleza mapema kwamba kadi hiyo ni ya kupelekwa kwa mkono.

Kuhusu albamu za kumbukumbu, ambazo tunatengeneza kurasa zake moja moja kwa karatasi, picha, vitambaa na maandishi, tatizo kubwa ni rangi ya njano, nalo lina historia ndefu. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig alitangaza njia ya kuizuia karatasi isinywe wino kupita kiasi kwa kuchanganya ulimbo wa msonobari na shabu ndani ya uji wake. Njia hiyo ilikuwa rahisi na ilienea viwandani, lakini shabu huzaa asidi, na asidi huzikata nyuzi polepole mpaka karatasi inakauka na kuwa dhaifu. Baadaye viwanda vilipoanza kutumia mbao zilizosagwa bila kuondolewa ligini, ile gundi ya asili inayozishikanisha nyuzi za mti, ambayo hugeuka njano kwa mwanga na hewa, karatasi za bei nafuu zikawa na maradhi mawili kwa pamoja. Gazeti ndilo mfano wa karibu. Kipande cha gazeti chenye tangazo la ndoa, kikibandikwa mkabala na picha, hupitisha njano yake hadi kwenye ukurasa wa jirani. Kwa hiyo tunakinakili kwenye karatasi isiyo na asidi na kukurudishia cha asili kikiwa kwenye bahasha yake. Karatasi tunayotumia kwa kurasa ni ile inayofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 9706, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1994, ambacho pamoja na mengine kinataka karatasi iwe na akiba ya chokaa ya kumeza asidi inayoweza kujitokeza baadaye.

Nyumba nyingi bado zina zile albamu za kunata, zenye mistari ya gundi kwenye kurasa nene na plastiki ya kufunika. Ndizo zinazotuletea kazi nyingi zaidi, na ndizo tunazozichukia kuliko zote. Gundi yake hugeuka njano, mistari hupenya hadi kwenye picha, na plastiki nyingine, hasa ile yenye harufu kali kama ya pazia jipya la bafuni, hutoa kemikali zinazoshambulia picha yenyewe. Ukitaka kuitoa picha humo usiivute. Ipige picha kwanza kwa simu ikiwa bado ukurasani, kisha pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma yake, kutoka pembe moja, kama unayekata sabuni kwa waya. Ikigoma, iache na utuletee albamu nzima. Picha zilizogandamana na kioo cha fremu ni ngumu zaidi, kwa kuwa uso wa picha nyingi zilizosafishwa studio una jelatini, ambayo hulainika kwa unyevu na kushika kioo. Hizo msizibandue nyumbani. Na tafadhali, picha ya pekee ya marehemu isipelekwe kwenye lamineshini. Ile plastiki huyeyushwa kwa moto juu ya picha, na baada ya hapo hakuna anayeweza kuivua salama.

Mwaka jana tulitengeneza ukurasa wa bibi mmoja wa Tanga, kwa ombi la mjukuu wake. Kulikuwa na picha moja tu, ya sentimita kumi kwa kumi na tano, na kipande cha kanga yake iliyochakaa. Mjukuu alitaka jina la kanga lisomeke. Tulikifua kipande hicho kwa maji baridi mara tatu mpaka maji yakatoka safi, kwa sababu rangi ya kanga inaweza kuchuja hata miaka mingi baada ya kununuliwa, tukakipiga pasi, kisha tukakishona kwenye ukurasa kwa uzi wa pamba badala ya kukigundisha. Picha ilishikwa na vipembe vinne vya karatasi, kwa hiyo inaweza kuchomolewa na kurudishwa. Chini tuliacha nafasi tupu, sentimita saba, na mjukuu mwenyewe akaandika maneno yake kwa kalamu ambayo tulikuwa tumeijaribu kwa kidole kilicholowa. Pini na stepla hatukutumia hata moja, maana hewa ya bahari huzitia kutu haraka.

Anayehitaji kadi za mwaliko au za michango atuletee idadi akiwa ameongeza kumi kwa kila mia, maneno yaliyokwisha kupitishwa na kamati, ukubwa anaoutaka na namna zitakavyosambazwa. Anayehitaji albamu aje na picha za asili pamoja na majina ya waliomo, yameandikwa kwenye karatasi ya pembeni wala si kwa kalamu ya wino nyuma ya picha, kwani mkandamizo wa kalamu hutokeza mbele. Kabla ya kuanza kazi ya kadi tutakupa sampuli mbili zilizokunjwa na kubandikwa kama zitakavyokuwa. Ondoka nazo, kaa nazo siku mbili, zifungue na kuzifunga mara nyingi upendavyo, kisha ndipo utuletee orodha ya majina.