"Kila kitu ndani ya kodi": semeni uniti ngapi

Mhariri,

Taarifa yenu ya wiki iliyopita ilizisifia nyumba za ghorofa zinazopangishwa "kila kitu ndani", yaani umeme, maji na intaneti vimo kwenye kodi, kana kwamba mpangaji ametuliwa mzigo. Sifa za aina hii nimezisoma miaka mingi nikanyamaza. Safari hii hapana. Kazi yangu ni kukagua nyaya na mita za nyumba za kupanga, na ugomvi mwingi ninaoukuta huko umeanzia kwenye ahadi hiyohiyo.

"Kila kitu" huwa na kikomo, na kikomo hicho hakitajwi siku ya kuonyeshwa nyumba. Kinajitokeza baadaye, mwenye nyumba anapodai nyongeza. Tuchukue uniti 100 za umeme kwa mwezi. Shawa ya umeme ya wati 5,000 inamaliza uniti 1 kwa dakika 12 za kuoga. Watu wanne wakioga maji moto mara moja kwa siku, mwezi unaisha na uniti 120, na hapo friji na pasi hatujavihesabu. Mpangaji anaitwa mfujaji, ilhali aliyefunga shawa hiyo ndiye aliyepanga kikomo.

Tena uniti zenyewe mara nyingine si zake. Kuna jengo ambalo mama mmoja alikuwa akilipishwa ziada kila mwezi. Ilipozimwa swichi kuu ya nyumba yake, kile kitaa chekundu cha mita kiliendelea kupepesa, tena upesi upesi. Pampu ya kupandisha maji kwenye matangi ya paa, ya nguvu ya farasi 1, ilikuwa imeungwa kwenye laini yake pamoja na taa za ngazi. Pampu kama hiyo ikifanya kazi saa 4 kwa siku, kwa mwezi inakula si chini ya uniti 90. Akalipa yeye, na jengo zima likanywa maji! Ndiyo maana nasema mtu azime swichi kuu na kuitazama mita kabla ya kusaini chochote. Kitaa kikiwaka bila kupepesa asihofu, mita nyingi huwa hivyo zisipopitisha umeme. Kikipepesa, asisaini mpaka fundi afuate ule waya. Kwa maji, afunge mabomba yote, aandike namba za mita, asubiri saa moja. Zikisogea, aanzie chooni: matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi, nusu saa bila kuvuta. Rangi ikionekana kwenye bakuli, raba ya chini imechoka na maji yanapita mchana na usiku.

Na intaneti nayo! Ruta moja kwenye korido, ghorofa nzima inaigombania, halafu tangazo linaihesabu kuwa huduma kamili kwa kila mlango.

Baya kuliko yote ni bili kuwa kwa jina la mwenye nyumba. Asipolipa, anayekatiwa ni mpangaji aliyekwisha kulipa kodi yake yote, na akienda kuulizia anaambiwa akaunti si yake.

Mkataba uwe na ukurasa mmoja wa ziada: namba za kila mita na usomaji wa siku ya kuingia, kikomo cha uniti za umeme na lita za maji, bei ya kila kinachozidi, tarehe ya kusoma mita pande zote mbili zikiwepo, na ruhusa ya mpangaji kulipa mwenyewe bili iliyochelewa kisha akate kwenye kodi. Penye mita kubwa moja na mita ndogo za kila nyumba, tofauti kati ya kubwa na jumla ya ndogo ni ya ngazi, pampu na uvujaji. Aibebe mwenye jengo, isigawanywe kwa milango. Nanyi gazetini, tangazo la "kila kitu ndani" lisilotaja uniti na lita mlirudishe kwa aliyelileta.

Fundi umeme, msomaji wenu wa siku nyingi