Mwanangu, kabla hujaja kuchukua bunduki ya babu

Mwanangu,

Nimefurahi sana kusikia leseni yako imetoka, kwa hiyo mwezi ujao ukija Manyoni ile bunduki ya babu yako inaondoka na wewe. Nilitaka nisubiri uje nikueleze ana kwa ana ila najua ukifika tu nyumba inajaa watu, hatutapata nafasi, ngoja niandike sasa hivi wakati iko hapa mezani nimeshaifungua vipande vitatu, mitutu, ule mti wa mbele, na kitako na mitambo yake.

Cha kwanza kabisa ni risasi. Ukitoa mitutu uigeuze, chini pale zinapokaa risasi utaona mihuri midogo midogo ya Birmingham, kule wana nyumba ya kupimia bunduki tangu 1813, mtutu unajazwa baruti kuzidi kawaida unapigwa, ukistahimili ndo unagongwa muhuri. Katikati ya hiyo mihuri pameandikwa 2½, ni inchi hizo, ndo urefu wa chemba, pale risasi inapokaa, kama milimita 65 hivi. Sasa risasi nyingi za siku hizi ni 70, na hapa ndo watu wanapopotea baba, maana ukiiweka ya 70 inaingia vizuri kabisa na bunduki inafunga, unasema si hii hapa imekaa. Haifai hata kidogo. Ile 70 ya kwenye boksi ni urefu wa ganda likishapigwa na mdomo umeshafunguka, kabla ya hapo mdomo umekunjwa ndo maana linaonekana fupi. Ukipiga, ule mkunjo unafungukia pale mtutu unapoanza kubana, marisau, vile vichembe vya ndani ya ganda, yanakosa nafasi ya kupita, presha inapanda, na chuma hiki cha zamani hakikutengenezewa presha hiyo.

Mimi yalinikuta. Nilienda kununua risasi, muuzaji akaniapia kabisa kwamba hazina shida, nikapiga mbili asubuhi moja, kanga wote wakaruka wakaenda zao, bega likaniuma siku tatu, kutoa maganda nakuta midomo imechanikachanika kama ukingo wa mkeka uliochakaa. Ninayo mpaka leo hayo maganda mawili, ntakuonyesha. Nilizipiga zingine kadhaa baadaye kwa sababu nilikuwa nimeshatoa hela yangu, na msimu ulipoisha bunduki ikawa inacheza. Jaribu hivi, toa ule mti wa mbele, funga mitutu, shika kitako utikise taratibu, isikike wala isihisike kitu. Yangu ilikuwa inagonga tik tik na ukiinua dirishani unaona uzi wa mwanga kati ya mitutu na ule uso wa chuma. Fundi wa kuirudisha nilimtafuta miezi. Usinunue za 70 hata kama duka zima hawana zingine, bora urudi mikono mitupu.

Na za kaliba 20 zisiingie nyumbani kwako kabisa. Ile ni nyembamba, ukiitia kwenye hii yetu ya kaliba 12 kwa bahati mbaya inateleza inakwama mbele huko, ukiangalia unaona chemba tupu, unatia nyingine nyuma yake, ukifyatua mtutu unapasuka na mkono wako wa kushoto uko hapo hapo.

Halafu wewe unakaa Tanga, huko sio kama huku kwetu kukavu. Upepo wa chumvi utaila hiyo bunduki ndani ya wiki moja ukizembea, na jasho la vidole nalo ni chumvi hiyo hiyo, kwa hiyo ukishaishika ipanguse hata kama hukupiga. Ukitoka kuwinda usilale kabla hujasafisha, sukuma brashi ya shaba kuanzia nyuma kwenda mdomoni, kisha kitambaa kikavu mpaka kitoke cheupe, kisha kingine chenye mafuta kidogo. Mafuta laini, hata ya cherehani yanatosha, na grisi chembe tu pale mitutu inapojikunjia.

Nakazia hiyo kidogo. Babu yako alikuwa anaimiminia mafuta kwa mapenzi halafu anaisimamisha mdomo juu pembeni ya kabati, miaka yote hiyo mafuta yalikuwa yanashuka kwenye mti. Angalia kitako pale kinapokutana na chuma, utaona mti umekuwa mweusi, na ukibonyeza kwa kucha unaingia. Ufa ule mdogo ulianzia hapo. Sasa mimi naiweka mdomo chini kwenye kitambaa usiku mmoja, asubuhi napangusa ndo inaingia kwenye sefu. Usiihifadhi kwenye begi lake, begi linashika unyevu.

Kila mwaka ning'iniza mitutu peke yake kwenye kidole, igonge na kifundo cha mkono mwingine. Ikilia kama kengele iko salama, ikitoa sauti ya kukwaruza ujue ile risasi ya kulehemu iliyounganisha mitutu imeachia, usiipige, mpelekee fundi. Na asije akakwambia ataichovya kwenye dawa ya moto ya kurudisha rangi nyeusi, ile dawa inakula muungano huo.

Njoo na kitambaa safi cha pamba, mimi vyangu vimeisha. Ukifika tutaifungua pamoja, wewe ndo utaifunga.

Baba yako